Gerlinde Aliyefurahia Mvua

Saa moja asubuhi, manyunyu yanaanguka kando ya mto Mosel, nchini Ujerumani, na kijiji kizima kinanung'unika. Anayecheka ni Gerlinde Kapp peke yake.

"Acha inyeshe! Hii ndiyo hali ya hewa yangu," anasema, huku viatu vyake vikiuma mawe meusi ya mteremko.

Anashika tawi la mzabibu wa aina ya Riesling, analikunja polepole, kisha analifunga kwenye nguzo. Tawi likilowa hukunjika. Likikauka, huvunjika.

Gerlinde, ambaye sasa ana miaka 61, ameajiriwa katika shamba la mizabibu la familia ya Dahlscheid tangu ujana wake. Kipande hiki cha shamba, kiitwacho Kaburi la Mbuzi, ndicho chenye mteremko mkali kuliko vyote.

"Trekta haipandi huku. Hata mbuzi angefikiri mara mbili," anatania.

Msimu uliopita wa mavuno aliteleza, akavunjika goti. Daktari akamwambia asahau milima. Majirani nao wakamshauri mwenye shamba, Friederike Dahlscheid, aing'oe mizabibu ile, maana hakuna mwingine aliyetaka kuihudumia.

Friederike alikataa. Akasema atamngoja Gerlinde mpaka machipukizi yafunguke, baridi ikiisha. Asipoweza kupanda mteremko kufikia hapo, basi, mizabibu itang'olewa.

"Nilikuwa nakaa dirishani nalia," anasema Gerlinde. "Nilijiona nimekwisha."

Wiki iliyopita daktari alilegeza kamba, akamruhusu kupanda. Gerlinde hakungoja hata kahawa ipoe. Siku hiyo jua lilikuwa kali, na hakuna mtu wa Mosel asiyejua kwamba matawi hayakunjwi juani. Yeye, kwa furaha, akasahau. Tawi la kwanza likalia ka! La pili, ka! La tatu likamfuata mwenzake.

Akaketi juu ya mawe, machozi yakimtoka. Friederike alipofika, alicheka.

"Haya, Shangazi, umeshaanza fujo?"

"Cheka tu, mwanangu. Nimerudi kuiua mizabibu ya babu yako. Bora niende zangu nyumbani."

"Uende wapi? Hebu tazama hapo chini."

Gerlinde akainama. Kwenye kila shina palikuwa na tawi jingine zima, ambalo Friederike hakulikata alipopogoa wakati wa baridi.

"Nakujua, Shangazi. Nilijua ukirudi hutaweza kungoja mvua. Nikakuachia la akiba."

Akilisimulia hilo, Gerlinde anafuta uso, na si kwa sababu ya manyunyu. "Watu wangapi wanangojwa hivi? Namshukuru Mungu, na namshukuru yule binti."

Leo amefika mstari wa mwisho, na machipukizi bado yamefumba. Anasema baridi ijayo atapogoa yeye, amwachie Friederike matawi ya akiba.

"Ya nini?" Friederike anapaza sauti kutoka chini.

"Ya papara zako! Unadhani mimi sikujui?"

Analikunja tawi la mwisho. Linatii.