Mikono Iliyofungwa kwa Uzi

Nilishona sare za shule Keroka kwa miaka minne, katika karakana ya mafundi kumi na wawili iliyokuwa ghorofani, juu ya duka la mbolea. Miaka miwili ya kwanza tulishona tukiongea: nani anaugua, nani amejifungua, bei ya ndizi sokoni. Vidole viliijua kazi, midomo ikawa huru.

Kisha akaja meneja mpya, kijana mpole. Hakumtukana mtu. Alibandika tu karatasi ukutani: hakuna kuongea kazini. Hata chai ya saa nne kila mtu akawa anainywa kwenye kiti chake, kimya.

Wiki ya tatu niligundua jambo. Cherahani zote zilianza pamoja na kunyamaza pamoja, bila mtu kutoa ishara. Nikajaribu kuuchelewesha mguu wangu makusudi. Ulikataa, ukakanyaga pamoja na wenzake. Nikamgeukia mama aliyekaa kando yangu, mkubwa wetu kwa umri. Tayari alikuwa ananitazama, macho yamemtoka.

Alhamisi moja meneja aliingia na mzigo uliorudishwa na shule. Akatoa shati, akaingiza mkono wake. Haukutokea upande wa pili. Mkono wa shati ulikuwa umeshonwa mwishoni ukafungwa kabisa, kwa mshono ulionyooka vizuri. Akatoa lingine. Na lingine. Yote yalikuwa hivyo, na yalikuwa yametoka kwetu sote.

"Nani amepanga mgomo huu?" aliuliza.

Alituita ofisini mmoja mmoja. Nilimwambia ukweli, kwamba sikumbuki kuifunga mikono ile. Baadaye nilijua kila mmoja alijibu hivyo hivyo. Yule mama tu ndiye aliyeongeza neno. "Mwanangu, hata sisi tunaogopa. Kaa nasi mchana mmoja uone."

Akakaa. Ushonaji aliujua, aliusomea chuoni. Alichukua cherahani ya fundi aliyekuwa likizo ya uzazi. Nje mvua ilikuwa inanyesha. Tulianza, tukanyamaza, tukaanza. Cherahani yake ilichelewa mara mbili tatu, kisha ikaungana na zetu. Baada ya kama saa moja alilinyanyua shati lake, akaingiza mkono. Niliona ngumi yake ikisukuma kitambaa kutoka ndani.

Alizima umeme wote. "Ongeeni," akasema. "Tafadhali, ongeeni."

Hakuna aliyeweza. Tulifungua midomo, tukabaki tunatazamana. Mwishowe yule mama akakohoa, akasema kwa Kikisii kwamba ng'ombe wake amezaa ndama mweupe. Mtu akauliza kama ni dume au jike. Mwingine akaanza kulia.

Karatasi ilibanduliwa jioni hiyo. Tulifumua mashati wiki nzima, tukiongea hadi sauti zikakauka. Meneja alihamishia meza yake chumbani mwetu, akawa anatuuliza habari za nyumbani, na muhula uliofuata shule ile ikatuletea kazi tena.

Siku hizi nashona peke yangu nyumbani, Birongo. Siigusi cherahani kabla sijawasha redio.