Basi la Njano Mlangoni kwa Marlys

Marlys Koskela hakujaliwa kunyamaza. Ukimwomba chumvi atakupa chumvi, na juu yake habari za bahari ilikotoka. Si majivuno, ni mapenzi tu yaliyomzidi kimo, na mwanawe wa pekee, Signe, alilelewa humo humo, kwenye meza ya jikoni. Hadi anatimiza miaka kumi na miwili hakuwa amekalia dawati la shule hata siku moja. Hesabu alijifunza kwa kupima unga, historia kwa kuzungushwa makaburini, na sayansi kwa sungura waliozaana nyuma ya banda zaidi ya mtu yeyote alivyopanga.

Huku kwetu kaskazini mwa Michigan familia zinazofundisha watoto nyumbani si haba, na kila mwaka, siku ya shule kufunguliwa, hukusanyika uani kwa Marlys. Desturi hiyo aliianzisha mwenyewe. Watu huja na nguo zao za kulalia, wakubwa kwa wadogo, wakala chapati za maji zilizomwagiwa shira ya mepo, ile igemwayo kwenye miti ya huku. Basi la shule likipita barabarani, watoto hujipanga mstari wakalipungia mikono na kuliambia lisome kwa bidii. Walio ndani huwatolea ndimi. Ni utani, ila una mwiba kidogo, na hakuna aliyeufurahia mwiba huo kama Marlys.

Sasa mwaka huu Signe akasema anataka kupanda basi.

Alilisema mwezi wa saba, wakilisha sungura, kana kwamba anaomba ndoo. Kwenye maonyesho ya mifugo kizimba chake kilikuwa kimepakana na cha msichana mmoja wa shule aitwaye Renata, mwenye nywele alizozipaka kijani na mdomo wa dereva wa lori, na wawili hao walikaa siku nzima wakicheka. Marlys aliuliza, kwa sauti aliyodhani ni ya kawaida, ni kitu gani kimepungua nyumbani.

"Hakuna kilichopungua, Mama. Nataka tu kuona kama naweza."

Wiki nzima Marlys hakuwa na raha. Alimwendea mumewe Arvid, anayeendesha gari la kuzoa theluji na kusema maneno machache kwa msimu, akitaraji kuungwa mkono.

"Wewe ndiye uliyemfundisha kujichagulia," Arvid akasema. "Kachagua."

"Sikumfundisha achague hivyo!"

Arvid akacheka peke yake.

Lililouma zaidi lilikuwa la Fern. Fern na Signe walikuwa marafiki tangu wanatambaa, na Fern alipopata habari alisema tu, "Haya, nenda kwa wenzako," akaacha kuja. Marlys alikuwa tayari kulishughulikia. Angempigia simu Corliss, mama yake Fern, angeoka keki, angewakalisha watoto na kuwapatanisha kabla chai haijapoa. Signe akamkatalia.

"Ukiutengeneza wewe, Mama, hautakuwa urafiki wangu tena." Kisha akamtaka ahadi. "Nikikuita, njoo. Nisipokuita, usije. Shuleni, na kwa Fern pia."

Marlys akaahidi, kwa uso wa mtu anayemeza dawa chungu.

Siku ikafika. Alitaka kuahirisha chapati, lakini Signe alishangaa, akauliza watu watakula wapi. Basi wakaja wote kama kawaida, na katikati ya watu wa pajama na viatu vya manyoya akawa amesimama mtoto mmoja getini, nywele zimechanwa, viatu vipya, begi mgongoni. Basi la njano, ambalo miaka yote lilikuwa likipita, likasimama. Hapo hakuna aliyejua kama apunge mkono au asipunge. Fern alikuwa akiitazama sahani yake. Signe akapanda bila kugeuka, na Marlys, peke yake kwenye mstari, akainua mwiko juu na kuupunga, uji wa unga ukimtiririkia kwenye koti la Arvid alilokuwa amelivaa.

Hawajamaliza kula, simu ikalia. Ilikuwa ofisi ya shule. Mama mmoja mwenye sauti ya upole akaeleza kwamba Signe ameinuka katikati ya somo, akatoka zake, wakamkuta bombani kwenye ujia anakunywa maji. Walipomuuliza alikuwa akienda wapi, alisema alikuwa na kiu. Hakujua kama maji huombewa ruhusa, na angejulia wapi? Yule mama akaongeza kwamba watoto wa nyumbani mara nyingi siku ya kwanza huwashinda; kama Marlys angependa kuja kumchukua, hakuna atakayemlaumu mtu.

Funguo za gari zilikuwa zimening'inia karibu na simu. Marlys akazichukua. Corliss, aliyekuwa ameyasikia yote, akasema, "Mfuate, shoga yangu. Chapati bado za moto." Na mimi sitamsitiri Marlys: alifurahi. Mwanawe anarudishwa, na si yeye aliyemrudisha.

"Ameniita?" akauliza.

"Samahani?"

"Yeye mwenyewe. Amesema nije?"

Yule mama akaomba dakika moja. Fern, aliyekuwa ameleta sahani chafu jikoni, akasimama nazo mlangoni. Sauti ikarudi.

"Anasema hapana. Anasema uliahidi."

Marlys akaziangalia zile funguo mkononi.

"Basi siji," akasema. "Mwambieni tu kwamba huko ruhusa huombwa. Hilo sikumfundisha, kosa ni langu."

Akarudisha funguo ukutani, kisha akalia ndani ya aproni yake, na Corliss, ambaye hakukubaliana naye hata kidogo, akamshika mabega.

"Hataki kurudi?" Fern akauliza.

"Hataki."

"Hata kidogo?"

Marlys alikuwa na jibu. Alikuwa na somo zima juu ya urafiki, na mifano yake, limemfika kooni. Akalimeza.

"Muulize mwenyewe. Basi linarudi saa tisa."

Wako watakaosema kwamba hapo aliivunja ile ahadi ya Fern, japo kwa kidole kidogo. Na waseme.

Wageni wakaondoka, Fern akabaki. Akakaa getini na pajama yake ya bundi, mapajani sahani ya chapati iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Basi lilipokuja, madirisha yote yakamcheka, na kichwa cha kijani kikatoka nje kumwambia jambo ambalo sitaliandika. Fern hakuondoka. Signe akashuka, basi likaenda zake, wakabaki wawili barabarani, kila mmoja akiviangalia viatu vya mwenzake.

Marlys alikuwa nyuma ya pazia la jikoni, mkono kwenye komeo la dirisha. Miaka kumi na miwili hakuna neno la mtoto huyu lililompita, na sasa hakusikia kitu. Alimwona Fern akisema jambo fupi. Alimwona Signe akifikiri, kisha akisimama wima, akinyoosha mkono juu kabisa kama mwanafunzi darasani. Fern akamtazama kwa ukali wa mwalimu, akamnyooshea kidole. Ndipo Signe akachukua chapati. Walicheka hadi sahani ikaanguka majanini.

Marlys akaliachia komeo, akaliachia na pazia. Alikuwa na mengi ya kuuliza, na kwa mara ya kwanza tangu mtoto yule azaliwe, akakaa kitini kungoja aambiwe.