Mbwa Aliyenenepa kwa Mtori Wangu

Ukinikuta leo hapa Rau, na binti yangu anapanda juu ya meza na kunijibu mdomo, utadhani nilizaliwa mama. Wanawake wa mtaani waliojifungua juzijuzi huja kukaa barazani kwangu, wakishanywa chai huanza kuulizia kwa mbali. "Eti, na wewe ulikuwa unalia?" Mimi? Nililia mpaka chakula changu kikaliwa na mbwa. Wanacheka, wanadhani natania.

Mume wangu ni Mchagga wa Mwika, juu mlimani. Mimi ni wa Singida, na mama yangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki kabla sijaolewa. Nilipotoka hospitali na kichanga changu, nilijua tunarudi kwetu Rau. Gari likapita njia panda, likaendelea, likaanza kupandisha mlima. Nikamuuliza mume wangu tunakwenda wapi. "Kwa mama," akasema, kana kwamba hakuna mahali pengine duniani ambapo mtu aliyejifungua anaweza kupelekwa.

Kwao ndivyo ilivyo. Mwanamke aliyejifungua anaitwa mzazi, na mzazi ni mgeni wa heshima kuliko askofu. Miezi mitatu hashiki jembe, hachoti maji, hakati majani ya ng'ombe. Kazi yake ni kula, kulala na kunyonyesha. Mama mkwe ndiye anayemlea, na anamlea kwelikweli: supu ya mbuzi, maziwa, na zaidi ya vyote mtori, ndizi zilizopikwa na nyama zikapondwa mpaka zikalainika, juu yake samli. Siku mzazi anapotoka kwenda kanisani kutoa shukrani, wanawake hawamtazami mtoto kwanza. Wanamtazama mama: mashavu, shingo, mikono. Akiwa amenona, mkwe anatembea kichwa juu. Akiwa amekonda, mkwe atasemwa mpaka anazikwa.

Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwimbaji wa kwaya, asiyependa maneno mengi. Nilimwita Mae, kama wanawe wanavyomwita. Asubuhi namwamkia shikamoo, anaitika marahaba huku ameshanyoosha mikono kumchukua mtoto. Yeye ndiye aliyemwogesha. Alikaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu, akamlaza mtoto juu ya mapaja yake na kumsugua taratibu, anaimba tenzi kwa sauti ya chini. Mtoto kimya. Mtoto yuleyule ambaye mikononi mwangu alilia akakakamaa kama ukuni.

Sasa niseme lile ambalo wale wa barazani kwangu hulisema kwa kunong'ona. Nilikuwa namwogopa mwanangu. Shingo yake nyembamba, kile kitovu, lile pigo la utosini linalopanda na kushuka. Nilimnyonyesha nikimhesabia muda, nikimaliza namrudisha kwa bibi yake haraka kama mtu aliyeshikishwa sufuria ya moto. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Uchungu niliujua vizuri sana. Mwana ndiye niliyekuwa simjui, na nilikuwa na hakika kwamba na yeye hanijui.

Nyuma ya nyumba ng'ombe wa Mae alikuwa amezaa wiki ileile niliyojifungua mimi. Mae anatoka asubuhi, anampelekea ng'ombe majani na vipande vya mgomba, ananawa, ananiletea mimi mtori. Jioni hivyohivyo. Nikaanza kuona kwamba pale tuko wawili tunaolishwa ili maziwa yapatikane. Na angalau yule mwenzangu alikuwa anamlamba ndama wake.

Hapo ndipo chakula kiliponishinda. Bakuli likija, limejaa, samli inaelea, naona kabisa kwamba ni chakula cha mama, na mama simwoni humu chumbani. Kukataa siwezi. Ungemwambiaje mwanamke aliyeamka kumenya ndizi kwamba huna hamu? Dirisha la chumba changu lilitazama kihambani, shamba la nyumbani lenye migomba, na chini ya dirisha alikuwa analala mbwa wa nyumbani, mbwa mmoja wa kahawia, mbavu zote nje. Nilimpa kijiko kimoja. Akanitazama kama nimemwokoa. Kesho yake nikampa nusu bakuli. Baada ya muda hakusubiri kuitwa. Akisikia kijiko tu, yuko chini ya dirisha.

Jumamosi moja mume wangu alikuja kutoka Holili, anakofanya kazi ya kutoa mizigo ya watu forodhani. Alinikagua. "Mbona hunenepi, mama?"

"Mwache," Mae akamkata. "Kila mtu na damu yake."

Lakini jirani, mama mmoja wa kwaya mwenye mdomo usio na pazia, alipopita kuja kumwona mtoto, alisimama uani akapiga kofi la mshangao. "Yesuu! Huyu mbwa naye kajifungua? Tazama tumbo! Tazama manyoya yanavyong'aa!"

Mae akamtazama mbwa. Akageuza shingo polepole, akanitazama mimi niliyekuwa mlangoni, kanga inanipwaya. "Mwaka huu panya ni wengi," akasema, akaingia jikoni.

Haki ya Mungu, nilidhani nimepona.

Haikupita wiki, akafariki rafiki yake Mae. Siyo mtu wa kujuana tu. Ni mwanamke aliyesimama naye kwenye kwaya tangu wote wasichana. Na msiba huko mlimani si jambo la kupima una nafasi au huna. Watu hufunga maduka. Waliogombana hukaa mkeka mmoja. Siku ya mazishi Mae alivaa kitenge cha kwaya, akajifunga kitambaa kichwani. Mtoto alikuwa amelala.

"Maji ya moto yako jikoni," akaniambia. "Mtoto hajaoga."

"Mae, si utamwogesha ukirudi?"

"Mtoto anasubiri msiba?"

"Utarudi saa ngapi?"

"Msiba hauna saa." Akatoka. Nilisikiliza viatu vyake vikishuka njiani mpaka vikapotea, nikakaa kitandani, mwanamke mzima, msomi wa watu, nimeachiwa mtu mwenye urefu wa mkono.

Akaamka. Alianza na kulalamika, akaenda kulia, akafika pale pa kukakamaa. Nikampa ziwa, akalitema. Nikambembeleza, akazidi. Nikatoka naye uani niite mtu, mtu yeyote. Weee! Hakuna hata kuku. Kutoka chini kwa mbali nilisikia watu wanaimba kwenye mazishi. Mbwa peke yake ndiye alikuwepo, amekaa mwisho wa ua, amenipa mgongo, anatazama kwenye migomba na kutikisa mkia.

"Na wewe unamchekea nani?" nikamfokea. "Mtori unakula kwangu, shida zikija unanipa mgongo!"

Mkia ukatikisika tu. Basi nikalia. Nikalia pamoja na mwanangu, sauti mbili, pale uani, mpaka nikaona aibu kwamba wa kunyamaza kwanza inabidi niwe mimi.

Nikaleta beseni. Nikachanganya maji, nikachovya kiwiko, nikaongeza ya baridi, nikachovya tena. Nikakaa kwenye kigoda cha Mae, nikanyoosha miguu kama nilivyomwona akifanya, nikamlaza. Alikuwa anateleza kama ndizi iliyomenywa. Anapiga mateke, kilio hakina mwisho. Nilijaribu tenzi ya Mae, nikakosea maneno. Nikaanza kusema naye tu, kwa Kinyaturu, lugha ya mama yangu ambayo kwenye nyumba ile hakuna aliyeijua. Nilimwambia, "Ni mimi. Mama yako ndiye huyu. Pole sana, ndiye uliyepata."

Akanyamaza.

Sisemi alielewa. Labda ni maji yalikuwa ya kiasi, labda alichoka. Lakini alinyamaza, akafungua yale macho yake meusi akanitazama, akanitazama sana, halafu akanikojolea mapaja yote. Nilicheka kwa sauti, peke yangu uani kama mwendawazimu. Nikaendelea kusema naye, nikamwambia habari za bibi yake wa Singida, jinsi alivyokuwa akiimba akitwanga na jinsi ambavyo angempenda. Nilipomfunga kwenye kanga alikuwa ananuka sabuni, na nilikuwa simpi mtu. Angekuja askofu mwenyewe kumwomba, nisingempa.

Mae alirudi jua linapoelekea kushuka. Nilikuwa nimekaa kizingitini, mtoto kifuani. Hakunyoosha mikono kumchukua. "Ameoga?" akauliza.

"Ameoga, Mae."

"Aika," akasema, yaani asante kwa Kichagga, akapita kwenda kumkamua ng'ombe. Nikaona kitenge chake kizuri cha kwaya kimechafuka pajani kwa utomvu wa mgomba, ule ambao ukishashika nguo hautoki kwa sabuni yoyote. Nikafikiri, maskini, atakuwa ameteleza njiani.

Siku kadhaa baadaye yule jirani wa mdomo usio na pazia akaja. Wakakaa sebuleni, mimi niko chumbani nanyonyesha. Walizungumza Kichagga wakidhani sisikii. Nilikuwa nasikia. Mtu hawezi kulala miezi katika nyumba ya watu asiokote lugha yao.

"Tulikutafuta," jirani alisema, na safari hii hakuwa na mzaha. "Kwaya imeimba kaburini bila wewe. Wanawe wameumia. Wanauliza mama yao alikukosea nini. Uliumwa?"

"Sikuumwa. Nilikuwa na mzazi nyumbani."

"Mzazi! Mzazi si anaachwa kidogo, watu wanakwenda wanazika, wanarudi?"

"Huyu hakuwa wa kuachwa," Mae akajibu. "Alikuwa wa kudhani ameachwa."

Jirani hakuelewa, akamtaka aseme vizuri. Mae akamweleza, taratibu, kwamba alifika hadi barabarani akageuka akapita kihambani kwa nyuma. Kwamba alikaa chini ya mgomba, akausikia mlima mzima unaimba kumsindikiza rafiki yake, na huku anamsikia mjukuu wake analia. Kwamba mara mbili alisimama aje amchukue, akakaa tena. "Ningemwogesha mimi siku ile," akasema, "ningemwogesha mpaka aolewe. Na mama yake asingekula tena."

Ziwa lilimtoka mtoto mdomoni nisijue. Nilikuwa natazama dirisha, na chini ya dirisha yule mbwa amelala, ameshiba, mbwa aliyejua siku ile nani yuko kwenye migomba na akamtikisia mkia mchana kutwa.

Asubuhi yake Mae alikwenda kwenye mpaka wa kihamba, penye safu ya masale, ile mimea ya majani marefu ya kijani. Mchagga aliyekosa hukata jani la sale, akalifunga fundo, akalipeleka kwa aliyemkosea. Ukiletewa sale huwezi kukataa kusamehe, hata kama moyo unakuuma. Akalifunga lake, akashuka nalo kwa wafiwa, kusamehewa kosa alilolifanya kwa ajili yangu. Kabla hajaondoka aliniwekea bakuli mezani, limefunikwa.

Nililifunua. Chini ya dirisha nikasikia mbwa anajinyoosha.

"Lala," nikamwambia.

Nilikula mtori wote. Kijiko cha kwanza kilipita kwa shida, cha pili kikapita na machozi, vilivyofuata sikumbuki. Nilikuwa na njaa ya majuma mengi. Nikafuta bakuli kwa kidole. Halafu nikambeba mwanangu, nikatoka naye mpaka kwenye mpaka, nikakata jani la sale, nikalifunga fundo vibaya kwa mkono mmoja, nikaja kuliweka juu ya bakuli tupu.

Mae aliporudi uso wake ulikuwa umelegea, nikajua wamemsamehe. Akaona bakuli, akaona jani. Akalishika, akaligeuza, akalitazama lile fundo langu la ajabu.

"Hili la nini?"

Nilitaka kusema yote, mbwa, dirisha, kitenge cha kwaya. Yakatoka haya tu: "Mae, naomba unisamehe."

Ndipo nikamwona akicheka, kwa mara ya kwanza tangu nifike, kicheko cha tumboni mpaka akashika meza.

"Mimi?" akasema. "Kampe mbwa. Ndiye atakayekonda."

Akalichukua bakuli, akaenda jikoni, akaniongezea.