Maneno ya Yesu "yaliyoachwa" kwenye Injili yalifika kijijini kwetu Njombe, mkalimani akiwa mama yangu mdogo

Wakuu, kamwene. Wa huku kwetu wataitikia, wengine ichukueni kama salamu tu.

Kila wiki naona humu mnatoana macho: je, maneno yote ya Yesu yamo kwenye Biblia, au kuna yaliyoachwa? Leo naleta ushahidi. Sikusimuliwa, nilikuwa nimekaa kwenye benchi. Nikiongeza chumvi, mama mdogo yupo hai, atanisuta.

Mimi niko Makambako, nauza mbao. Pale kwetu alihamia nabii mmoja. Jina nalihifadhi, kwa sababu bado nina meno yangu yote na nayapenda.

Huyu hakuja na mafuta wala maji kama wenzake. Alikuja na somo: Maneno Yaliyoachwa. Yaani yale aliyosema Yesu, kina Mathayo wakayasahau, yakasubiri karne zote hizo mpaka yalipopata fremu ya duka ya kupanga nyuma ya stendi ya Makambako.

Nikasema huyu namuumbua mchana kweupe. Mimi nimesoma kipaimara, katekisimu nilikariri mpaka mwalimu akaniomba nikae. Nikaenda na Biblia yangu kwapani.

Nabii akaniuliza kwa upole, "Mtumishi, lile neno la Bwana kwamba mtoaji ana heri kuliko mpokeaji, liko Injili gani?"

Nikacheka. Nikafungua Mathayo. Nikahamia Marko. Luka. Yohana. Nikatoa simu nikatafuta. Wakuu, halimo! Liko kwenye Matendo, Paulo ndiye anawakumbusha watu kwamba Yesu alilisema. Wale wanne hawakuliandika.

"Umeona?" akasema. "Na Yohana mwenyewe anafunga kitabu chake kwa kusema yako mengi aliyoyasema Yesu, hayakuandikwa."

Kanisa zima likapiga makofi. Nikatoka nimenywea kama kuku aliyemwagiwa maji. Njiani ndipo nikakumbuka kwamba Yohana alikuwa anazungumzia mambo aliyoyafanya Yesu, hayo ya "aliyoyasema" nabii kaongezea mwenyewe. Lakini jibu linalokuja ukiwa njiani halimsaidii mtu.

Nitasema ukweli: kwenye hoja yenyewe alikuwa sahihi. Yesu alitembea na watu miaka kadhaa, hakuongea kurasa zile tu. Kuna aliyoyasema kwenye mtumbwi, kwenye harusi, wakati wanachoma samaki. Hayo hatunayo.

Shida ilikuwa yale ambayo nabii alidai anayo.

Maana Yesu huyu aliyeachwa na Mathayo alikuwa mtu wa ajabu. Alikuwa na msimamo kuhusu wigi. Alijua nani akae viti vya mbele. Na katika maneno yote yaliyoachwa, hakuna hata moja lililomwambia nabii afanye kitu asichokipenda.

Niliendelea kwenda, nacheka tu, mpaka siku aliposema kwamba Bwana alitamka, na haikuandikwa, kuwa anayemeza kidonge amemfungia Yeye mlango. Wiki iliyofuata akatangaza ziara ya vijiji vya Njombe. Akataja vijiji. Cha bibi yangu kilikuwemo.

Hapo sikucheka tena, wakuu.

Bibi yangu ana presha. Aliwahi kuacha dawa kwa sababu alijisikia vizuri tu, tukamkuta ameanguka jikoni pembeni ya moto. Mkono wa kushoto mpaka leo haushiki kikombe sawasawa. Na hata baada ya hapo, dawa anameza akikumbuka, akikasirika na nesi hamezi.

Sasa bibi huyo ukimwambia serikali imesema, anabisha. Daktari amesema, anabisha. Ukimwambia Yesu amesema, mjadala umefungwa. Nilijua kabisa kwamba nabii akimfikia, tunazika.

Nikampigia mama mdogo, mdogo wake marehemu mama, ndiye anayeishi na bibi. Nikamwambia afanye mbinu yoyote bibi asiende.

Akasema, "Mwanangu, kijiji kizima kinaenda, nimfungie ndani kama mbuzi? Halafu wameniomba mimi nikalimani."

Wakuu, hapa lazima niwaeleze. Wazee wa kwetu Kiswahili wanakijua cha sokoni: bei gani, punguza, niwekee mfuko. Cha mahubiri, tena kwa kasi na spika inakwaruza, hapana. Kwa hiyo mgeni akihubiri Kiswahili, anasimama mtu pembeni anayageuza kwa Kibena. Kazi hiyo mama mdogo ameifanya miaka mingi. Mhubiri anazunguka wee mpaka Yerusalemu na kurudi, yeye anamaliza kwa sentensi mbili. Ukimuuliza yaliyobaki yako wapi, anasema, "Nimewapa nyama, mifupa nimemwachia mwenyewe."

Siku hiyo nikafunga banda la mbao, nikapanda gari mpaka Njombe mjini, nikachukua boda mpaka kijijini. Nikakuta watu wamejaa uani kwa jirani, ukungu umeshuka, bibi zetu wamejifunika mablanketi. Nabii amekuja na suti nyeupe nyembamba. Baridi ya Njombe haina adabu, haijali cheo. Alikuwa anatetemeka, watu wakadhani ni upako.

Bibi yangu yuko mstari wa mbele. Mimi nikapata nafasi benchi la nyuma.

Nabii akaanza. Akapiga historia ya Maneno Yaliyoachwa, akafika penyewe. Akanguruma, "Bwana alisema, na hawakuandika! Kidonge kikiingia mdomoni, Mimi natoka moyoni!"

Mama mdogo akawageukia wazee. Uso mkavu kabisa. Akasema kwa Kibena, "Mgeni anasema Yesu anataka dawa za hospitali tuzimeze kila siku, tusiruke."

"Amina!" wazee wakaitikia.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikawatazama vijana pembeni yangu, wale wanaojua lugha zote mbili. Wote walikuwa wameinamisha vichwa, mabega yanacheza.

Wasaidizi wa nabii je? Si watu wa huku, Kibena hawajui, kama nabii mwenyewe. Walikuwa wanatabasamu tu, wanasema haleluya.

Nabii akapata moto. "Tena Bwana anasema, usimwogope nesi!"

Mama mdogo: "Anasema msimwogope nesi, mkiishiwa dawa nendeni mkachukue."

"Amina!"

"Vitoeni vidonge! Viinueni juu, shetani avione!"

Hiyo aliitafsiri ilivyo. Mabibi wakafungua mafundo ya kanga, wakatoa vidonge vyao wanavyotembea navyo, wakainua. Bibi yangu akainua kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukimsaidia. Wakuu, machozi yalinitoka, na sikujua kama ni ya kucheka au ya nini.

"Sasa," nabii akapaza sauti, "achaneni navyo milele!"

Mama mdogo akawaambia, "Anasema ambaye leo hajameza, ameze sasa hivi."

Bibi akatupia kidonge mdomoni, akapokea kikombe cha chai kwa jirani, akameza. Akafuata mwingine. Na mwingine.

Nabii akasita. "Wanafanya nini hawa?"

Mama mdogo akainama kwa heshima zote. "Wanaviaga, Mtumishi."

Nabii akainua mikono juu, akalia kwa furaha.

Jioni nilimkuta mama mdogo anamenya viazi. Nikamshukuru, halafu ile katekisimu yangu ikanipanda kichwani. Nikamuuliza, "Lakini mama mdogo, si dhambi kumwekea mtu maneno mdomoni?"

Hakuniangalia hata. "Yeye ameyaweka mdomoni mwa nani?"

Nikaokota kiazi, nikaanza kumenya nami.

"Yeye amemwekea Yesu," akasema. "Mimi nimemwekea yeye. Haya, lete maji."

Sasa angalieni kilichotokea baadaye. Kule Makambako nabii anatoa ushuhuda kila ibada, kwamba kuna kijiji Njombe wazee wote wameziaga dawa. Hadanganyi, aliona kwa macho yake. Kule kijijini wazee wanasimuliana kwamba alikuja mtu wa Mungu kutoka Makambako, akawaambia Yesu anataka wameze dawa. Nao hawadanganyi, walisikia kwa masikio yao. Haijafika hata mwaka, na mashahidi wote wako hai!

Nilijaribu kumweleza bibi ukweli. Akanikatisha. "Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, bibi."

"Ulikaa nyuma."

Mjadala ukafungwa. Bibi anameza dawa kila siku, haruki, na kila usiku anamwombea nabii yule maisha marefu.

Nilichojifunza: wanaosema maneno yote ya Yesu yaliandikwa, kitabu chenyewe kinawapinga. Lakini anayekuja leo na yale yaliyobaki, mwangalie vizuri kabla hujamwita shahidi. Mimi yaliyoandikwa tu yananishinda. Kumpenda jirani peke yake sijamaliza, na jirani yangu anauza mbao kama mimi.

Kilichonileta humu ni hiki. Juzi bibi amenipigia simu, sauti ya haraka haraka. Mzee wa nyumba ya tatu ameacha dawa, amevimba miguu, mchungaji ameongea naye, nesi ameongea naye, hasikii la mtu.

"Mjukuu wangu," bibi akaniambia, "mlete yule nabii. Huyo mzee hawezi kumbishia."

Nimemuuliza mama mdogo. Amesema yeye yuko tayari, ila safari hii nabii avae koti.

Wakuu, nimpeleke au nisimpeleke? Mzee anazidi kuvimba, na mimi napita mbele ya fremu ile kila asubuhi. Semeni neno, na wenye matusi mtangulie ili tubaki na wenye akili.