Uvimbe Ulionyimwa Sukari

Tulikuwa watano katika chumba cha mdogo wangu, Kawangware: yeye mwenyewe, amelala; mimi dadake, niliyetoka Silanga kwa miguu; shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe; na akina mama wawili wa maombi, mwenyekiti na msaidizi wake. Majina yao nayakumbuka yote, hata ya ubatizo, lakini wana wajukuu, acha nisiwaaibishe.

Mdogo wangu alikuwa na uvimbe kwenye titi, na hospitali ilishampa siku ya kupasuliwa. Shemeji alikuwa amesikia mahali, hakusema wapi, kwamba uvimbe hula sukari.

"Tuunyime," akasema. "Ufe njaa."

Sasa, kwetu huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Kila mgeni alikuja na sukari, mkate na maziwa. Vitu vitaenda wapi? Mwenyekiti akakata shauri: wageni wavile wenyewe, ili uvimbe usivipate.

Wakaunyima kwa bidii. Chai nzito ya maziwa, mkate umepakwa siagi mpaka kwenye kona. Mgonjwa akapewa maji moto na mboga ya sukuma isiyo na mafuta.

"Vumilia, mama, tunakupigania," msaidizi alimwambia, mdomo umejaa.

Siku ya hospitali ilipofika, wapiganaji walikuwa wamenenepa, nguo za mdogo wangu zinamvuka, na uvimbe umezidi. Nesi alimpima uzito, akatuangalia.

"Huyu hapewi chakula?"

"Tunaunyima uvimbe sukari," shemeji akajibu kwa maringo.

"Baba, uvimbe haungoji kupakuliwa. Sukari ikikosekana kwa sahani, mwili unavunja nyama yake wenyewe kuitengeneza, na uvimbe unajichotea kwa damu. Mmemfanya yeye ndiye chakula. Na daktari hapasui mifupa. Mrudisheni akiwa na nguvu."

Nikamhamishia kwangu siku hiyohiyo. Uji wa wimbi wenye maziwa, mayai, dagaa wa omena, maharagwe, kidogokidogo. Watu wa maombi walipomfuata, nilipokea sukari mlangoni nikawaambia waombee hapo nje. Mungu husikia hata kupitia mabati.

Alipasuliwa, na yuko hai. Shemeji hujisifu kwamba ile njaa ndiyo iliyoulegeza uvimbe.

Mdogo wangu anasema alikaa kwangu wiki sita. Mimi nakumbuka nne. Aliyekuwa jirani yetu na anajua zaidi, tafadhali anisahihishe.