Jozi ya Akiba

Enzi za Zaire, Liévin alikuwa fundi wa kebo za simu Lubumbashi, mtu asiyejua kutulia. Mvua ikianza tu, hata kama sahani ya bukari, ugali wa kwao, iko mbele yake, huyo anainuka kutafuta koti. Maji yakipenya kwenye kebo, karatasi inayofunika nyaya hulowa, na simu hufa moja baada ya nyingine. Ndiyo maana kila kebo iliachiwa nyaya mbili za akiba, jozi isiyo na mwenyewe. Laini muhimu ikifa, fundi huihamishia huko, watu wakaongea tena.

Jozi ya akiba ya mtaa wa Katuba, Liévin alikuwa amempa mama mkwe wake. Angefanyaje? Mama Mujinga, mfanyabiashara wa samaki wakavu, alitaka simu, akamtuma bintiye Léonie aseme. Kwa Wakasai wa ukoo wao, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni wala haongei naye ana kwa ana, seuze kumkatalia. Liévin akaunga nyaya, akanyamaza, na tangu hapo kila wingu lilimkosesha raha.

Siku Léonie aliposhikwa na uchungu, mvua ilimwagika tangu asubuhi. Liévin alikuwa kwenye kabati la nyaya, mhudumu wa kliniki alikopelekwa Léonie akamjia mbio. Mtoto amekaa vibaya, njia ya hospitali imejaa maji, mkunga anataka daktari amwelekeze kwa simu, na simu imekufa. Liévin akapima. Jozi ya kliniki ilikuwa imelowa. Iliyobaki nzima ni ile ya akiba.

Kazi hiyo ina adabu yake: hukati laini kabla ya kusikiliza kama kuna mtu. Akabana kisikilizio chake, chenye pa kusemea pia, kwenye waya, akamsikia mama mkwe akimsihi opereta ajaribu kliniki. Haipokelewi. Ajaribu tena, jamani, binti yake yuko huko.

Hofu ikaishinda haya.

"Mama, ni miye Liévin. Ile laini uko nayo njo ya akiba ya kliniki. Léonie iko mubaya."

Mama Mujinga akasema, "Kata."

Alikata, akaunga, akasikiliza. Mkunga na daktari walikuwa wanaongea, lakini kisikilizio kilipokuwa kwenye waya sauti zao zilififia. Akakitoa. Sasa naye hakujua lolote, akawa anazunguka kabati kwenye matope.

Mama Mujinga alifika kwa miguu, amelowa chapachapa. Akampa mgongo kama desturi inavyotaka, akaomba asikilize mara moja tu.

"Hapana, Mama," Liévin akasema. "Tukisikiliza, bale habatasikilizana muzuri."

Mama Mujinga hakubishana. Alikaa juu ya sanduku la vifaa, na wote wawili wakangoja, mvua ikiwapiga.

Mhudumu aliporudi kusema ni msichana, na mama yake yuko salama, Mama Mujinga aligeuka, akamtazama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza.

"Ile laini," akasema, "usinirudishie."