Mwangwi Kutoka Juu ya Litein

Niliondoka Nairobi nimenuna. Ilikuwa miaka ya tisini, na profesa alikuwa ameniambia wazi: nikirudi bila mwangwi, rada inarudishwa ng'ambo kwa wenyewe, na masomo yangu yanaishia hapo. Rada yenyewe ni nyaya ndefu na masanduku mawili. Inarusha mawimbi ya redio juu kupita mawingu, hadi kwenye hewa iliyotiwa umeme na jua, kisha inasikiliza kile kidogo kinachotawanywa huko na kurudi chini.

Huko Litein, kwenye vilima vya chai, nilipokelewa na Mama Chebet, mkulima wa chai na ng'ombe wa maziwa. Akanimiminia mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni. "Kunywa kwanza. Hiyo mashine haitatoroka."

Asubuhi nilitandaza nyaya malishoni, nikawasha. Spika ya rada ikalia: tak, tak, tak! Hakuna kingine. Nikafungua masanduku, nikalaumu betri, nikamlaumu hata profesa. Mchana mvua ya mawe ikaja na radi zake, kazi ikaisha. Huko anga tulivu unalipata asubuhi tu, kabla ya radi.

Jioni, ng'ombe wakikamuliwa, nilipita karibu na waya wa stima unaozunguka malisho. Tak, tak, mdundo uleule wa asubuhi. Jamani!

"Mama, hii waya ndiyo inanimaliza. Tunaweza kuizima kesho?"

"Tukizima, ng'ombe wataingia kwa mahindi ya jirani. Na kesho ni siku ya kuchuma majani." Akanitazama. "Sasa hiyo kitu ikikosa kurudi, wewe utafanya nini?"

"Nitaenda nyumbani. Shule imeisha."

Alivaa gamubuti zake, akaenda kwa majirani.

Kulipopambazuka, chai yake haikuchumwa. Yeye, mumewe na majirani wawili walishika fimbo, wakasimama kando ya waya uliozimwa, wakirudisha ng'ombe. Nikawasha. Kimya. Kisha mstari ukainuka kwenye kioo, mwembamba, unatetemeka. Nililia, sioni haya kusema.

"Imerudi?" Mama Chebet akaita.

"Imerudi, Mama!"

"Basi angalia vizuri. Sisi bado tuko."

Gari la kukusanya majani ya chai lilipita, likaenda bila majani yake.

Kufika Mulot, njiani kurudi Nairobi, nilikuwa bado nawaza. Nilifundishwa kwamba anga husikilizwa na mashine. Sikuwahi kujiuliza ni nani anayetoa ule utulivu, na unamgharimu nini.

Nairobi, profesa aliutazama mstari kwa muda mrefu, akauliza nilitumia kichujio gani kuondoa kelele.

"Watu wanne na fimbo," nikasema.

Alicheka, akidhani natania. Lakini rada ilibaki.